Masalio ya Vita Kilimani Salaita

Wasikilizaji wetu, jioni hii twanena habari ya masalio ya vita. Kilimani Salaita, karibu na Taveta, palipopiganwa tarehe 12 Februari 1916, maganda ya risasi yameokotwa mara nyingi. Mtu akilitia ganda mfukoni asiandike mahali alipoliona, amebaki na kipande cha shaba tu. Maana mahali pale ndipo palipotuonyesha askari alilala wapi, akilenga upande gani. Mzinga wa manowari Königsberg, iliyozama Rufiji mwaka 1915, umewekwa Ngome ya Yesu, Mombasa, nao wafaa kwa kuwa asili yake yajulikana.

Lakini kombora lisilopasuka tusiliguse kabisa. Kutu hula chuma, haili baruti. Tuwaondoe watoto kwanza, ndipo tukawaite polisi.