Picha ya Kibofu: Hesabu ya Mashine Tunayoichangia

 

Mimi ni mhasibu, si daktari. Mnisamehe nikizungumzia mkojo mbele ya wakwe.

Sisi tulioogelea malamboni na kupanda mpunga kwenye majaruba tunajua kukojoa damu. Utotoni tulidhani ndiyo kuwa mwanaume. Kumbe kilikuwa kichocho. Vijidudu vinatoka kwa konokono wa majini, vinapenya ngozi, halafu minyoo inakaa kwenye mishipa ya damu kuzunguka kibofu. Mayai yanakwama kwenye ukuta wa kibofu. Miaka ikipita ukuta unakakamaa, mkojo unarudi nyuma kwenye figo, na wengine wanapata saratani. Prazikwanteli inaua minyoo, lakini uharibifu wa miaka mingi lazima uangaliwe kwa ultrasaundi.

Kwa wazee kuna na tezi dume. Baba yangu mkubwa alihangaika miaka mitatu, anaamka usiku mara tano, mkojo unatoka kwa matone. Alikunywa mizizi, akatibiwa UTI mara nne bila kupigwa picha hata moja. Mkojo ulipogoma kabisa tulimkimbiza Mwanza akiwa analia. Akawekewa mpira, kisha picha ikaonyesha tezi imekua na figo zote mbili zimeanza kutanuka. Alifanyiwa upasuaji, anakojoa vizuri, ila figo hazijarudi kama zamani.

Risiti ninazo, ndiyo ugonjwa wa kazi yangu. Nauli, gesti na chakula cha wasindikizaji wawili vilizidi mbali bei ya kipimo chenyewe.

Na kipimo si cha kutisha. Unakunywa maji, unabana mkojo, unapakwa jeli tumboni, mtaalamu anapitisha kifaa. Kisha unaenda kukojoa, unarudi anapima mkojo uliobaki. Watu wanaita mionzi, lakini ni mawimbi ya sauti tu. Wanaume wanaokimbia kwa kuogopa kidole, hapa hakuna kidole. (Daktari akikitaka baadaye, mtaelewana wenyewe.) Saratani ya tezi haithibitishwi kwa picha hii peke yake. Kuna kipimo cha damu na cha kinyama.

Sasa fedha. Wapo kwenye kamati wanaotaka makusanyo yote yanunue mashine kubwa. Mimi napinga. Nimekagua vitabu vya miradi ambako mashine ya msaada imefunikwa kitambaa, kwa kuwa hakuna aliyefundishwa kuitumia, au umeme uliiunguza mwezi wa pili. Tununue ya wastani, tusomeshe watumishi wawili wa kituo, si mmoja, maana mmoja akihamishwa tumekwisha. Tutenge fungu la jeli, la kulinda umeme na la matengenezo, lisiguswe kwa sherehe.

Fomu za ahadi ziko kwa mweka hazina pale mlangoni. Baba mkubwa ametuma ahadi ya mbuzi wawili. Nimewaandika, thamani itajazwa wakiuzwa.