Mwanafunzi wa Uuguzi Akutane na Nani Kwanza?
Mada kwa semina ya wakufunzi na wasimamizi wa mazoezi ya uuguzi, Eastlands, Nairobi



Nimeombwa nizungumzie namna ya kupunguza unyanyapaa wa ugonjwa wa akili miongoni mwa wanafunzi wa uuguzi. Mada za aina hii huanza kwa kuilaumu jamii: mila, mapepo, kurogwa, ujinga. Jamii nitaiacha kwa leo. Nataka tujitazame sisi, kwa sababu naamini sehemu kubwa ya unyanyapaa huo tunaupanda wenyewe kwa jinsi tulivyopanga mafunzo. Tunamkutanisha mwanafunzi na mgonjwa wa akili katika siku mbaya kuliko zote za mgonjwa huyo, kisha tunashangaa mwanafunzi akitoka na hofu kubwa kuliko aliyoingia nayo.

Mchukueni msichana wa miaka 21 aliyelelewa Umoja au Kariobangi South. Tangu utotoni amesikia "huyo ni wa Mathare" ikitupwa kama mzaha kwenye matatu, shuleni, hata mezani kwao. Anasoma nadharia darasani, anafaulu mtihani, kisha anapangiwa majuma machache Hospitali ya Mathari, ile hospitali ya magonjwa ya akili ya mzaha huo, kando ya Barabara ya Thika. Cha kwanza kumpokea wodini ni mlango wenye kufuli. Wagonjwa anaowakuta ni wale waliozidiwa hadi wakalazwa, na baadhi yao wameletwa na polisi. Yeye yuko upande wa wenye funguo. Mgonjwa akianza kupata nafuu anaruhusiwa kwenda nyumbani, na mwanafunzi hamwoni tena. Hivyo kila aliye mbele yake amezidiwa, na kila aliyepata nafuu ameshaondoka. Akiamini kwamba ugonjwa wa akili hauna nafuu, tutamlaumu kwa lipi? Ameamini alichokiona.

Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Gordon Allport, akiandika juu ya chuki za rangi, alieleza kwamba watu wakikutana chuki inaweza kupungua, ila kwa masharti: wawe na hadhi sawa katika kukutana kwao, wawe na lengo moja, washirikiane, na wakubwa wao waunge mkono. Mwaka 2022 tume ya jarida la Lancet iliyochunguza unyanyapaa wa ugonjwa wa akili ilifikia hapo hapo: njia yenye ushahidi mkubwa kuliko zote ni kukutana na watu walioupitia ugonjwa wenyewe. Sasa pimeni wodi iliyofungwa kwa masharti ya Allport. Linaanguka sharti la kwanza kabla hatujafika la pili.

Sisemi wanafunzi wasiende Mathari. Nani atamhudumia aliyezidiwa kama hawakujifunza? Nasema pasiwe pa kwanza, wala pasiwe pekee.

Mahali penyewe pana historia nzito. Hospitali ile ilifunguliwa mwaka 1910 ikiwa nyumba ya kuwafungia wendawazimu, katika majengo yaliyokuwa ya kuwatenga wagonjwa wa ndui. Tangu mwaka 1938 hadi 1950 iliongozwa na J. C. Carothers, daktari ambaye hakuwa amesomea magonjwa ya akili alipokabidhiwa kazi hiyo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo alimfananisha Mwafrika mzima, asiyeumwa chochote, na Mzungu aliyepasuliwa ubongo na kukatwa sehemu ya mbele. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ilichapisha maelezo yake kuhusu saikolojia ya Mau Mau, kana kwamba kudai ardhi ni dalili ya ugonjwa. Ninyi mnaofundisha historia ya uuguzi, mpeni Carothers saa nzima. Mwanafunzi aone kwamba dharau hii iliwahi kuvaa koti jeupe na kuitwa sayansi.

Sheria nayo ilitufundisha vibaya. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Mnajua sura yake huku kwetu: kijana amekunywa dawa ya panya, analetwa kwenye dharura saa saba ya usiku, na wa zamu anawaza polisi kabla hajawaza mshipa wa kuwekea dripu. Mwanafunzi aliyesimama pale akishika trei alijifunza kwamba huyu ni mkosaji, na mkosaji hukemewa. Tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kukemea, hata hivyo, hakukuwa kumeandikwa katika kifungu chochote, na mahakama haiwezi kuifuta tabia hiyo. Hiyo ni kazi ya sista wa zamu.

Sasa nitoe mfano wa kukutana kulikofaulu. Tulimwalika darasani mwanamume mwenye kibanda cha kunyoa Kayole. Anaishi na skizofrenia, na wanafunzi hawakuambiwa. Aliingia kama mgeni wa somo la dawa, akauliza darasa: haloperidoli huleta madhara gani? Wakamjibu vizuri, wamekariri: kukakamaa misuli, kutetemeka, kutokwa mate. Akanyoosha mikono mbele, vidole vikitetemeka kidogo, akasema, "Sasa nani kati yenu atakaa nimnyoe ndevu kwa wembe?"

Hakuna aliyecheka. Akaeleza. Alipoanza dawa sauti zilinyamaza, lakini mikono ikaanza kucheza. Wateja wakahama mmoja mmoja kwenda kibanda cha jirani. Watu wa ploti wakasema amerudia chang'aa, wengine wakasema wazimu ndio unazidi. Kodi ikachelewa, keateka akaanza kugonga mlango. Akafanya hesabu ambayo mtu yeyote mwenye akili timamu angeifanya: akapunguza vidonge mwenyewe. Mikono ikatulia, wateja wakarudi, na baada ya muda sauti zikarudi pia. Akalazwa. Kwenye faili lake, katika kliniki ambayo sitaitaja, likaandikwa neno moja: mkaidi.

Aliyemwokoa ni muuguzi mmoja ambaye, akijaza fomu, alimuuliza anafanya kazi gani. Basi. Alipojibu kinyozi, muuguzi akatazama mikono yake, akaenda kwa daktari. Dozi ikashushwa, akaongezewa Artane ya kutuliza mtetemeko, akapewa tarehe ya kurudi karibu. Leo ananyoa kwa mashine na kwa wembe, na anapanga zamu zake ili vidonge vya usiku visimcheleweshe kufungua kibanda.

Nimekaa na kisa hiki kirefu kwa kusudi. Darasa lile halikuelezwa lolote kuhusu kupenda wagonjwa. Lilifundishwa somo la dawa na mtu anayelijua kuliko mwalimu, na hapo ndipo hadhi sawa ya Allport ilipopatikana. Wiki iliyofuata maswali ya wanafunzi yalikuwa mengine kabisa. Walitaka kujua kama sindano ya Modecate, ile ya kukaa mwilini muda mrefu, ingemfaa zaidi, na kama keateka ana haki ya kumfukuza mtu kwa kuwa mgonjwa.

Kuna njia mbili za kupunguza unyanyapaa tunazozipenda ambazo naona tuziangalie upya. Ya kwanza ni ule msemo wa mabango, kwamba ugonjwa wa akili ni ugonjwa wa ubongo, hauna tofauti na kisukari. Nia ni njema. Lakini tafiti za nchi za Magharibi zimeonyesha mara kwa mara kwamba maelezo ya aina hiyo hupunguza kumlaumu mgonjwa na papo hapo yanaweza kuongeza imani kwamba mgonjwa ni hatari na kwamba hatapata nafuu kamwe. Ubongo ukiharibika umeharibika, ndivyo msikilizaji anavyojijibu. Ya pili ni kuwavisha wanafunzi vipokea sauti masikioni ili wasikie sauti zinazoiga zile anazozisikia mgonjwa. Huruma huongezeka, lakini baadhi ya tafiti zimekuta hamu ya kukaa mbali na mgonjwa ikiongezeka nayo. Hilo halinishangazi. Umemtisha mtu kwa dakika kumi, kisha unamwambia aende akamzoee.

Wodi za kawaida tusizisahau, maana wengi wa wanafunzi wetu ndiko watakakofanya kazi, si Mathari. Mgonjwa anaingia na maumivu ya kifua, faili linaonyesha aliwahi kutibiwa bipola, na ghafla maumivu yanakuwa "mambo yake yale". Kipimo cha moyo kinasubiri. Mwanafunzi akisikia sista mkubwa anasema hivyo kwenye makabidhiano ya zamu, mihadhara yangu ya muhula mzima imekwisha. Ningependa makabidhiano yasimamiwe kama tunavyosimamia usafi wa mikono: mgonjwa aelezwe kwa malalamiko aliyoyaleta leo, na aliyemtania asahihishwe pale pale, mbele ya wanafunzi.

Na wako wanafunzi ambao wao wenyewe ni wagonjwa. Mfadhaiko haukwepi hosteli. Wanajua jinsi tunavyoongea kwenye ofisi za walimu, ndiyo maana wanakunywa dawa kwa siri, au hawanywi. Chuo kinachomtaka mwanafunzi awe mpole kwa mgonjwa Kayole huku kikimtilia shaka mwanafunzi huyo huyo kwa kuomba likizo ya matibabu, kinajipinga chenyewe.

Ninachopendekeza ni kupindua mpangilio. Kabla ya Mathari, kila mwanafunzi afuate kwa muda mtu mmoja anayeishi na ugonjwa wa akili na ambaye hali yake imetulia, kwa hiari na ridhaa ya mtu huyo, kwenye kliniki ya karibu na, akikubali, kwenye kazi yake. Wahudumu wa afya ya jamii wanajua ploti zote. Shirika la watumiaji wa huduma za afya ya akili, USP Kenya, lina watu wanaoweza kusimama darasani. Kwenye kitabu cha mazoezi tuongeze swali moja la kutiwa saini: mgonjwa huyu anafanya kazi gani, na dawa yake inaigusa vipi?

Kikwazo nakijua, na ndicho ningependa tukijadili baada ya chai: pesa. Tunawalipa wahadhiri wa muda kwa saa. Kinyozi tulimpa soda na cheti. Alifunga kibanda Jumatano, siku ambayo wateja si wachache, akapanda matatu kwa nauli yake. Nataka bajeti ya muhula ujao iwe na mstari wa wageni wa aina yake, kwa kiwango kile kile cha saa tunachomlipa mhadhiri, nauli juu, na malipo yasikatwe akituma ujumbe asubuhi kwamba leo hajiwezi.