Kano ya Kisigino

Machi 2010, akiichezea AC Milan dhidi ya Chievo, David Beckham alisimama ghafla akashika mguu wake wa kushoto. Hakuna aliyemgusa. Kano ya kisigino ilikuwa imekatika, na Kombe la Dunia la Afrika Kusini likampita.

Kano hiyo hubeba mara kadhaa uzito wa mwili mtu anapokimbia. Nguvu yake inatoka kwenye kolajeni, protini iliyosokotwa nyuzi tatu tatu kama kamba ya usumba. Ikiwa imetulia, nyuzi zina mikunjo midogo. Ukipiga hatua mikunjo hunyooka kwanza, ndipo nyuzi zenyewe zinakaza.

Lakini kolajeni peke yake haitoshi, na hapa ndipo wengi wetu tunapopita haraka mno. Kati ya mafungu ya nyuzi kuna ute wa maji na protini zenye sukari, unaoyawezesha kuteleza kando kwa kando, kano ikarefuka kidogo na kurudi. Kwa farasi wazee, utelezi huo umeonekana kupungua. Mzigo unabaki kwa nyuzi.

Nazo hazibadilishwi ovyo. Mwaka 2013 watafiti wa Denmark walifuatilia kaboni iliyotokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia, wakakuta kiini cha kano ya kisigino karibu hakifanywi upya baada ya miaka 17 ya mwanzo ya maisha. Uliyonayo leo ni ile ya ujana wako.

Basi msikilizaji, kisigino kikikuuma kila asubuhi, mwone daktari kabla hujarudi mbioni.