MCHE USIFE SIKU YA KUHAMA

Mada iliyosomwa na Kamati ya Kitalu katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi, Mwembesongo, Morogoro



Tumeombwa kuzungumzia miche. Hatutasema habari ya kuotesha, maana hilo kila mmoja hapa analiweza. Tutasema habari ya zile siku chache mche unapotoka kitaluni kwenda shimoni, kwa kuwa hapo ndipo fedha zetu nyingi hupotelea.

Hebu tupige hesabu. Tuseme mama amekopa kwenye kikundi shilingi 60,000, akanunua miche 20 ya miembe ya kubebesha kwa shilingi 3,000 kila mmoja. Mwezi haujaisha, 12 imekauka. Shilingi 36,000 zimekwenda. Mche umekufa, lakini mkopo haufi. Marejesho yako pale pale, na riba yake.

Wapo wanaosema fulani ana mkono wa kupanda na fulani hana. Jamani, siyo mkono, ni mizizi. Mche hunywa maji kwa vinyweleo vidogo sana vilivyo kwenye ncha za mizizi. Vinyweleo hivyo hukatika upesi udongo ukipasuka, na hukauka upesi vikipigwa na jua na upepo. Huku juu majani yanaendelea kutoa maji hewani kama kawaida. Basi matumizi yanazidi mapato, na sisi wa kikundi cha akiba tunajua mwisho wake. Majani yanalegea, kingo zinaungua, kisha yanapukutika. Kazi yetu yote ni mbili tu: kulinda mizizi, na kupunguza matumizi ya majani mpaka mizizi mipya itoke.

Wakulima wa mitiki wanaielewa sana hesabu hii. Mitiki mara nyingi hupandwa kwa visiki: mche unang'olewa, shina linakatwa karibu na shingo ya mzizi, majani yote yanaondoka, kinapandwa kipande kifupi chenye mzizi mnene. Hakina jani la kunywesha, kwa hiyo kinatulia, kinachipua upya. Lakini tusije tukaufanyia hivyo mwembe wa kubebesha! Ukikata chini ya kiungo umetupa mwembe ulioununua, umebaki na shina la kienyeji.

Kwa miche yetu ya viriba tufuate haya.

Kwanza, tuizoeze. Wiki mbili hadi nne kabla ya kupanda, tupunguze kivuli kidogo kidogo, na maji tuyapunguze pia, bila kuiacha inyauke. Mche uliolelewa kivulini ukipelekwa ghafla kwenye jua la Morogoro utaungua hata ukiumwagilia.

Pili, shimo litangulie mche. Sentimita 60 kwenda chini na 60 upana linatosha kwa mti wa matunda. Udongo wa juu tuuweke upande wake, tuuchanganye na samadi iliyooza vizuri, debe moja au mawili. Samadi mbichi ina moto, inachoma mizizi. Kwa michongoma ya ua na maua ya uani shimo linaweza kuwa dogo, lakini taratibu nyingine ni zile zile.

Tatu, safari. Tumwagilie jioni ya kuamkia siku ya kupanda, ili udongo ushikamane. Tubebe mche kwa kushika kiriba, tusishike shina. Ukipakiwa kwenye bajaji au baiskeli ufunikwe, maana upepo wa njiani unakausha kuliko jua.

Nne, kupanda. Tupande jioni au siku ya mawingu. Kiriba tukichane kwa wembe ubavuni, tukiondoe chote. Mizizi iliyojisokota chini tuikate, la sivyo itaendelea kuzunguka hapo hapo na mti utadumaa. Usawa wa udongo wa kiriba ulingane na usawa wa ardhi, na kiungo cha kubebesha kibaki juu. Tushindilie kwa mguu taratibu, hewa itoke, kisha tumwagilie nusu debe palepale, hata kama mvua inanyesha.

Tano, malezi. Tutandaze nyasi kavu kuzunguka mche, zisiguse shina, zisije zikaleta mchwa na kuoza. Tuweke kivuli cha makuti au majani ya mgomba upande wa jua la alasiri. Maji mengi mara chache ni bora kuliko kikombe kila siku, maana kikombe kinaifundisha mizizi kukaa juu juu. Mbolea ya dukani isubiri mpaka majani mapya yatoke.

Na majani yakipukutika, tusikimbilie kung'oa. Tukwangue gome kidogo kwa ukucha. Kama ndani ni kijani, mche uko hai, tuupe maji na kivuli na tuwe na subira.

Wakati mzuri ni mwanzo wa masika, mwezi Machi. Mvua za Machi hadi Mei zinaipa mizizi muda wa kushuka kabla ya kiangazi cha Juni mpaka Septemba. Anayepanda mwishoni mwa Mei anaukabidhi mche wake kwa ndoo. Na maji ya ndoo hayo, wenzetu, yanatoka bwawa la Mindu na mito ya Uluguru, ambayo nayo inategemea miti kule juu. Mche unaoshika hapa unatupunguzia ndoo, na unaoshika mlimani unalinda mto.

Jina la mtaa wetu limeanza na mwembe. Tunaomba katika mkutano wa mikopo ujao, kila anayekopa kwa ajili ya miche aulizwe swali moja kabla ya kupewa fedha: mashimo umeshachimba?

Akina mama, hoyee!