Anayetuonya Akiwa Mdogo Wetu
Mada kwa semina ya wazee wa kanisa, Tukuyu



Hakuna hapa atakayepinga kwamba Mkristo anapaswa kuonywa. Ugumu uko kwa mwonyaji. Akituonya mchungaji, tunainamisha kichwa. Akituonya kijana wa kwaya, tunauliza kwanza ni mtoto wa nani. Kwa hiyo nitazungumzia onyo linalotoka chini tu.

Huku Rungwe jambo hili lina mizizi mirefu. Wanyakyusa wa zamani waliishi katika vijiji vya marika: vijana wa umri mmoja walijenga kwao, wakala pamoja, wakazeeka pamoja. Monica Wilson, aliyefanya utafiti huku na mumewe Godfrey kati ya 1934 na 1938, alieleza kwamba chuki iliyofunikwa moyoni ilihesabiwa kuwa hatari kwa wote. Waliokoseana walitakiwa waseme wazi yaliyowakera ndipo wapatane. Wazee wetu walijua kuambiana ukweli kabla hata ya kusikia Injili. Lakini baba na mwana waliishi vijiji tofauti, na mke wa mwana alimkwepa baba mkwe kabisa. Heshima hiyo siibezi. Ila tukiibeba nzima nzima hadi barazani, ni nani atakayemwambia mzee kwamba hesabu za sadaka haziko sawa, ikiwa aliyeziona ni mkwewe?

Wamisionari wa Moravian waliofika Rungwe mwaka 1891 na Theodor Meyer walitoka katika kanisa lililokwisha kupambana na swali hili. Huko Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1727, wakimbizi wa imani waligombana hadi jumuiya ikakaribia kuvunjika. Tarehe 13 Agosti, siku walipopatana, tunaikumbuka sote. Kilichofuata tunakisimulia kwa nadra: waumini waligawanyika katika vikundi vidogo, wakaungama na kuonyana. Mwaka 1730 wakapiga kura ya kumpata mzee mkuu wa wanawake, nayo ikamwangukia Anna Nitschmann, binti wa miaka 14. Kina mama wenye umri wa kumzaa wakawa chini ya uangalizi wake. Sijui ni ushirika gani kwetu ungeikubali kura hiyo bila kuomba irudiwe.

Biblia nayo ina mifano. Katika Matendo 18 yuko Apolo, msomi wa Aleksandria, hodari wa Maandiko na msemaji. Waliomsahihisha ni mafundi wa mahema, Priskila na mumewe Akila. Walimchukua kando, hawakumkatiza mbele ya sinagogi. Naye hakuwauliza wamesoma wapi. Akaendelea hadi Akaya, akawafaa sana waamini huko.

Kinyume chake ni mfalme Asa, aliyekuwa mcha Mungu kwa miaka mingi. Alivunja sanamu, hata akamwondolea bibi yake cheo kwa sababu ya ibada ya Ashera. Mwonaji Hanani alipomwonya kwa kumtegemea mfalme wa Shamu, Asa alimtia gerezani (2 Nyakati 16). Habari hii inapaswa kututisha sisi wazee kuliko vijana. Matengenezo aliyoyafanya ujanani hayakumlinda uzeeni. Huenda ndiyo yaliyompa kiburi cha kudhani hana la kuambiwa.

Si kila onyo ni la haki. Mengine ni wivu, na kumwaibisha mtu katika matangazo ya Jumapili si njia ya Mathayo 18, ambako hatua ya kwanza ni watu wawili peke yao. Anayeonywa halazimiki kukubali kila neno. Analazimika kusikiliza hadi mwisho, kwenda kuchunguza, kisha kurudi na jibu kwa yule yule aliyemwonya, bila kumtuma mtu mwingine.

Baada ya chai tutagawanyika katika vikundi. Kila kikundi kijibu swali moja: katika ushirika wenu, mtu asiye na cheo akiona kosa la mzee, aende kwa nani? Kama jibu ni mzee huyo huyo mwenye kosa, katibu aliandike hivyo hivyo kwenye taarifa.