VAZI NI LA SIKU MOJA, KIPAJI NI CHA MWAKA MZIMA

(Hotuba ya mlezi wa kikundi cha vijana cha maigizo, iliyosomwa mbele ya Kamati ya Jumuiya, wakazi na wafanyakazi wa mashirika, katika Siku ya Wakimbizi Duniani)



Nimeombwa nieleze jinsi tulivyoandaa onyesho mtakaloliona mchana huu, na jinsi tunavyowalea wachezaji wake.

Vijana wanaliita onyesho hili kosiplei, na wazee wengi wameniuliza maana yake. Ni mchezo ambao mtu huchagua mhusika wa hadithi au wa filamu, akajishonea mavazi yake, kisha akatembea na kusema kama yeye. Neno lenyewe lilitungwa Japani katika miaka ya 1980 na Takahashi Nobuyuki, kwa kuunganisha maneno mawili ya Kiingereza, la mavazi na la mchezo. Lakini jambo lenyewe lina umri mkubwa kuliko neno. Mwaka 1939, mjini New York, wapenzi wa hadithi za sayansi na safari za anga walifanya mkutano wao wa kwanza wa dunia. Forrest J Ackerman na Myrtle R. Douglas walifika wamevaa kama watu wa nyakati zijazo. Mavazi yote mawili aliyashona huyo mama. Wengi wakamkumbuka bwana na kumsahau fundi. Mnikumbushe habari hiyo, nitairudia.

Sisi Warundi tunajua tangu zamani kwamba vazi humbadilisha mtu. Kijana mpole akishavaa vazi la wapiga ngoma na kuiweka ngoma kichwani, hata mama yake humtazama upya. Dunia nayo ililitambua jambo hilo: mwaka 2014 UNESCO iliiandika ngoma yetu ya kifalme katika orodha ya urithi wa binadamu.

Ndugu zangu, mimi ni mtoto wa Kamenge, kaskazini mwa Bujumbura. Wenye umri wangu mnajua Kamenge ilipitia nini. Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993, mitaa yetu iligawanyika. Wa Kamenge hakuweza kwenda Ngagara, wa Ngagara hakuweza kuja Kamenge, ingawa kutoka kimoja hadi kingine ni mwendo wa miguu tu. Mwaka 1995 watu wengi wa Kamenge walikimbia nyumba zao. Wakati ule mtu alitazamwa pua na urefu, akapewa jina na waliomtazama, na jina hilo liliweza kumuua. Alivalishwa uhusika asiouchagua, na hakuwa na njia ya kuuvua.

Katika mitaa hiyohiyo palikuwa na Kituo cha Vijana Kamenge, kilichoanzishwa na wamisionari Waxaveri miaka ya mwanzo ya 1990, padre Claudio Marano akiwa miongoni mwao. Vijana wa Kamenge, Kinama, Cibitoke, Ngagara, Gihosha na Buterere walikutana humo kucheza mpira, kusoma vitabu, kuimba, kucheza ngoma na kuigiza. Mwaka 2002, vita ikiwa bado haijaisha, kituo hicho kilipewa tuzo ya Right Livelihood inayotolewa Sweden. Hakikupewa kwa sababu ya majengo mazuri. Kilipewa kwa sababu vijana waliofundishwa kuogopana walikaa pamoja.

Tena kulikuwa na redio. Studio Ijambo ilianza mwaka 1995, na kuanzia 1997 tulisikiliza mchezo wa Umubanyi Niwe Muryango, ulioandikwa na mama Marie-Louise Sibazuri, juu ya familia mbili jirani, moja ya Kihutu na moja ya Kitutsi. Tulizijua sauti zao kama sauti za shangazi zetu, lakini sura zao hatukuziona kamwe. Kila msikilizaji alijichorea mwenyewe.

Hapo ndipo tulipopata wazo letu. Vijana walitaka mashujaa wa filamu wanazoziona kwenye simu. Tukawaambia: sawa, lakini kila anayemchukua mhusika wa mbali amchukue pia mmoja wa nyumbani. Ndiyo maana leo mtamwona Samandari, yule mjanja wa hadithi zetu anayewajibu wakubwa bila kutetemeka. Mtawaona pia majirani wa redio, safari hii wakiwa na sura.

Sasa maandalizi yenyewe. Kwanza tulipeleka ombi la ruhusa kwa maandishi, tukitaja siku, saa, uwanja na majina ya wasimamizi. Pili tulikaa wiki sita za mazoezi, alasiri mbili kila wiki, na kila mara tulimaliza kabla jua halijazama ili wasichana wafike nyumbani kukiwa bado kweupe. Tatu tulitafuta vifaa. Magunia matupu ya mgao tuliyafumua, nyuzi zake zikawa nyuzi za kushonea. Madebe ya mafuta tuliyakata na kukunja kingo ili yasimkate mtu. Maboksi yakawa kofia. Turubai hatukuligusa, kwa sababu turubai ni paa la mtu. Hapo mwanzo vijana walikoroga unga kuwa gundi, mama mmoja akatukemea hadharani kwamba unga ni chakula. Alisema kweli. Tangu siku ile tunashona, hatubandiki.

Ndugu Mwenyekiti, hotuba ya kusifu tu haitatusaidia, kwa hiyo niseme pia kosa letu, nalo lilikuwa langu. Katika onyesho letu la kwanza kijana mmoja alikuja amevaa kama askari wa filamu, na bunduki ya mti aliyoichonga vizuri sana. Mimi niliiona nikaisifu kazi ya mikono yake, sikufikiri zaidi. Alipotokea nyuma ya jukwaa akiinyanyua, bibi mmoja aliyekaa mbele alijitupa chini akamfunika mjukuu wake. Watoto wakakimbia. Kijana mwenyewe alisimama katikati ya uwanja akilia, hajui alichokosa.

Wako waliotaka michezo hii ipigwe marufuku, na sikuwalaumu. Jioni ile tulikwenda na kijana kwa yule bibi kuomba radhi. Alitupokea, akatukalisha, akamuuliza kijana ni nini kingine anachojua kuigiza. Siku zilizofuata yeye ndiye aliyemfundisha jinsi mzee wa mtaani anavyoshika fimbo, anavyobisha hodi, anavyoketi kwa jirani. Kijana huyo mtamwona leo. Bibi naye yupo hapa, na safari hii ameketi mbele kwa hiari yake.

Kutokana na kosa lile tuliweka masharti manne. Hakuna silaha, hata ya mti. Hakuna sare za jeshi wala polisi. Hakuna kiongozi wa siasa, aliye hai wala aliyekufa. Na hakuna anayeigiza kabila au ulemavu wa mtu ili achekwe. Kila vazi linakaguliwa siku tatu kabla na wajumbe wawili, mmoja wao akiwa mama.

Nije sasa kwenye malezi, maana hapo ndipo penye uzito. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini tumewahi kuitwa kuwapokea wageni wa shirika moja, vijana wakasimama juani tangu asubuhi hadi saa nane bila maji. Wakapigwa picha nyingi, wageni wakaondoka, na vijana wakarudi nyumbani na njaa. Mwenyeji hakupona. Simtaji mtu, wala sisemi kwa hasira. Nasema ili isirudiwe.

Kwa hiyo nina maombi machache. Kwa mashirika: mkiwaita vijana, waelezeni muda, wapeni maji na chakula, na mpigapicha aombe idhini ya mchezaji, na ya mzazi ikiwa ni mtoto. Tena mtusaidie kupata cherehani moja itakayokaa kwetu mwaka mzima, kwa sababu kijana aliyeshona joho la Samandari anaweza kushona sare ya shule na kupata sabuni yake. Mkumbukeni yule mama wa mwaka 1939. Leo msimamizi atakapotaja jina la mchezaji, atataja na jina la fundi wake.

Kwa Kamati: tunaomba chumba kwa alasiri zetu mbili, hata baada ya sikukuu. Kwa wazazi: binti akipenda jukwaa, msiseme ameharibika. Njooni mazoezini mkae, mwone anachofundishwa. Kwa vijana: makofi ni matamu lakini hayashibishi. Anayeigiza vizuri ajifunze pia kuandika mchezo. Anayepaka rangi nyuso ajifunze kuchora. Anayejua kutangaza asome kwa sauti kila siku, Kirundi, Kiswahili na Kifaransa. Na mkubwa amshike mkono mdogo, asimfiche ujuzi.

Hatujui kila mmoja wetu kesho atakuwa wapi. Mwingine atarudi Burundi, mwingine atakwenda nchi ya tatu, mwingine atabaki. Siku ya kuondoka mzigo unapimwa, na madebe na magunia haya yatabaki nyuma. Lakini alichofundishwa kijana hakipimwi kwenye mizani wala hakiulizwi kwenye kizuizi cha barabara.

Mchana huu vijana watavaa nyuso za watu wengine. Jioni watazivua na kutusalimia kwa majina yao. Sisi wa Kamenge tunajua kwamba kuweza kuvua ni neema. Nawaombeni mbaki hadi wakati huo wa kuvua, msiondoke onyesho likiisha, ili muwasalimie wenyewe.