Maumivu Yanayobaki Baada ya Upasuaji wa Titi: Hotuba kwa Wahitimu wa Uuguzi na Utabibu

Kutoka kwenye neva ya pili ya mbavu huchipuka tawi jembamba linalovuka kwapa na kushuka upande wa ndani wa mkono. Tawi hilo haliinui mkono wala halikunji kidole. Kazi yake ni hisia tu. Ndiyo maana lilikuwa likikatwa bila kusita kila tezi za limfu za kwapani zilipoondolewa kwa ajili ya saratani ya titi. Gharama humfikia mgonjwa baadaye: kwapa limekufa ganzi, shoti inapita mkononi, ngozi inawaka moto ikiguswa na kanga tu.

Maumivu yakipita miezi 3 baada ya upasuaji huhesabiwa kuwa sugu. Nchini Denmark, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 uliwauliza wanawake zaidi ya 3,000, miaka 2 hadi 3 baada ya kupasuliwa. Asilimia 47 walikuwa bado na maumivu. Waliopata zaidi ni wenye umri mdogo, walioondolewa tezi nyingi za kwapa na waliopigwa mionzi.

Kinga basi huanzia kwenye uamuzi wa daktari. Hatua ya ugonjwa ikiruhusu, hutolewa tezi chache za mwanzo na kupimwa, na zikiwa safi kwapa huachwa. Ikilazimu kuzitoa nyingi, neva hutafutwa na kulindwa. Ila ikiwa imezingirwa na uvimbe hukatwa, maana saratani haibembelezwi.

Sindano ya ganzi kando ya uti wa mgongo ilileta matumaini makubwa, labda kupita kiasi. Jaribio la wanawake zaidi ya 2,000 lililochapishwa mwaka 2019 liliilinganisha na dawa ya usingizi ya kuvuta: baada ya mwaka, zaidi ya robo ya kila kundi waliumwa kwenye kidonda. Ganzi inasaidia siku za mwanzo; zaidi ya hapo isiahidiwe.

Siku hizo za mwanzo si ndogo. Mwenye maumivu makali baada ya upasuaji ndiye aliye hatarini zaidi kubaki nayo, na wodini ndiye anayesifiwa kwa uvumilivu. Husema "sijambo" huku amebana mkono ubavuni. Wahitimu wa leo wasilipokee jibu hilo: wamwombe ainue mkono, waulize maumivu ni mangapi kati ya 0 na 10, waandike kwenye faili, na dawa itolewe kabla zamu haijaisha.